Programu yangu ilimtoza mama wa ndizi Sh300 bure: Nilivyoandika testi yangu ya kwanza

JUMAPILI moja mwezi wa Aprili 2025, wanachama 14 wa chama cha mamangu walikutana nyumbani kwetu hapa mjini Machakos, kama wanavyofanya kila mwezi. Chai ilikuwa mezani na muthokoi ulikuwa jikoni ukiiva polepole. Mimi nilikuwa chumba cha pili na kipakatalishi changu, nikijiona injinia.

Nilikuwa na sababu ya kujiona. Desemba iliyotangulia nilikuwa nimemwandikia mamangu programu ndogo ya kuhesabu michango na faini za chama. Yeye ndiye mweka hazina. Kwa miaka mingi alikuwa akiandika kila kitu kwenye kaunta buku lenye jalada jeusi, na kila mwisho wa mwezi alikuwa akikesha na kikokotoo. Nilimwambia, "Mum, hiyo kazi ya usiku mzima nitaifanya na dakika mbili." Akanipa baraka zake.

Kikao kilipofika kwenye mikopo, nilisikia sauti zikipanda. Kisha mamangu akaita: "Kuja hapa, na uje na hiyo mashine yako."

Mama mmoja anayeuza ndizi sokoni alikuwa ameomba mkopo wa Sh20,000 wa karo ya muhula wa pili. Alinyimwa. Katiba ya chama inasema ukipigwa faini miezi mitatu mfululizo, hupati mkopo mpaka mwaka mwingine. Na karatasi niliyochapisha mimi ilionyesha faini tatu dhidi yake: Januari, Februari na Machi. Mia, mia, mia.

"Mimi sijawahi kuchelewa hata siku moja," alisema, bila kupaza sauti. Akatoa simu yake ya mulika mwizi akaanza kusoma ujumbe wa M-Pesa mmoja baada ya mwingine. Tarehe 10 Januari. Tarehe 10 Februari. Tarehe 10 Machi. Kila mara ni jioni, baada ya kufunga biashara.

Mchango wa chama ni Sh1,000 kila mwezi, na mwisho ni tarehe 10.

Hapo ndipo mwingine akauliza swali lililonifanya nitamani ardhi inimeze. Kuna rafiki mkubwa wa mamangu anayeuza mitumba. Kila mtu alijua kwamba mchango wake wa Februari alikuja kuulipa tarehe 4 Machi, karibu mwezi mzima baadaye. Mbona yeye hakuwa na faini hata moja kwenye karatasi?

Hakuna aliyesema neno "upendeleo". Hawakuhitaji kulisema. Walimtazama tu mamangu.

## "Uliitesti aje?"

Jioni hiyo nilimpigia simu binamu yangu, ambaye huandika programu kwa kampuni moja Nairobi na huja Machakos wikendi. Alifika siku iliyofuata, akakaa kitandani, akasoma msimbo wangu kwa sekunde kama kumi hivi. Haukuwa mrefu. Sehemu ya faini ilikuwa mistari minne tu, kwa lugha ya Python:

    def faini(siku):
        if siku < 10:
            return 0
        return 100

Kwa Kiswahili cha kawaida: nipe siku aliyolipa mtu. Ikiwa ni chini ya 10, faini ni sufuri. La sivyo, faini ni Sh100.

"Sasa, hii uliitesti aje?" akaniuliza.

"Si niliifungua nikaona inafanya."

"Uliipatia namba gani?"

"Tarehe 5, ikasema sufuri. Tarehe 15, ikasema mia. Iko tu sawa."

"Na tarehe 10 yenyewe?"

Nilinyamaza. Msomaji, ukiutazama ule mstari wa pili tena utaona nilichokiona mimi wakati huo. Kumi si chini ya kumi. Yeyote aliyelipa siku ya mwisho alihesabiwa kuwa amechelewa. Alama moja tu ilikosekana, na kwa sababu ya alama hiyo mtu alikuwa anakosa karo ya mtoto.

"Haya," binamu akasema, "kabla hujarekebisha chochote, andika testi kwanza."

Nilimwambia naona makosa tayari, mbona nisiyarekebishe nimalize? Alikataa. "Leo umeyaona kwa sababu mama ya watu amelia. Kesho utabadilisha kitu kingine uyarudishe bila kujua. Andika kitu ambacho kitakuambia."

## Testi ni nini hasa?

Fundi wa mawe hasubiri nyumba ifike kwenye paa ndipo aangalie kama ukuta umesimama wima. Anapanga mstari mmoja, anaweka pima maji, anaangalia, kisha anapanga mwingine. Ukuta ukipinda anajua ni jiwe lipi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na watu wa kompyuta wanayajua hayo kwa machungu yao wenyewe.

Yuniti testi ni pima maji ya msimbo. Ni programu ndogo inayokagua kipande kimoja cha programu yako: unakipa kitu ambacho jibu lake unalijua tayari, kisha unauliza kama kimejibu hivyo. Yuniti ni kile kipande kidogo kinachoweza kukaguliwa peke yake, kama hiyo funksheni yangu ya faini. Hukagui programu nzima kwa mkupuo mmoja. Ukikagua kila kitu pamoja na kitu kikikataa, utajua kuna shida lakini hutajua iko wapi.

Wazo hili halikuanza jana. Mmarekani Kent Beck alitengeneza zana ya kuandikia testi za aina hii kwa lugha ya Smalltalk, akaiita SUnit. Mwaka 1997, yeye na mwenzake Erich Gamma walikuwa kwenye ndege kutoka Zurich kwenda Atlanta, wakatumia safari hiyo kuandika JUnit, zana ya lugha ya Java. Zana za lugha nyingine nyingi zilifuata mtindo huo, ikiwemo unittest inayokuja ndani ya Python yenyewe tangu 2001.

Kwa anayeanza, huhitaji zana yoyote. Python ina neno moja linalotosha: assert. Maana yake ni kama kusema "nasisitiza kwamba". Ukisisitiza jambo la kweli, kompyuta inanyamaza. Ukisisitiza jambo la uongo, inasimamisha kila kitu na kukuonyesha mstari uliokosewa.

Kwa hivyo testi yangu ya kwanza maishani ilikuwa hii:

    assert faini(5) == 0
    assert faini(15) == 100
    assert faini(10) == 0

Zile alama mbili za usawa zinauliza kama pande mbili zinalingana. Mstari wa kwanza ulipita kimya. Wa pili ukapita kimya. Wa tatu ukaniletea maandishi kwenye skrini, na mwisho wake neno AssertionError.

"Umefurahi?" binamu akauliza.

"Nifurahie nini na imekataa?"

"Ndiyo furaha yenyewe. Testi ambayo hujawahi kuiona ikikataa, utajuaje kama inafanya kazi?"

Hilo nimelishika mpaka leo. Testi inayopita kila siku huenda haikagui chochote. Ni kama mlinzi wa lango anayefungulia kila gari. Ukitaka kujua kama yuko macho, lazima umwone akizuia hata moja.

## Jibu sahihi linatoka wapi?

Hapa nilikaribia kufanya kosa ambalo wanaoanza wengi hulifanya. Nilitaka kuendesha programu, nione inajibu nini, kisha niandike jibu hilo kwenye testi. Ukifanya hivyo testi itapita kila wakati, maana unailinganisha programu na yenyewe. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani kwa kutumia karatasi yake mwenyewe.

Jibu lazima litoke nje ya msimbo. Kwangu mimi, nje ni katiba ya chama. Nilimwomba mamangu anitolee. Ni karatasi nne zilizoandikwa kwa mkono, zimekunjwa ndani ya bahasha ya kaki. Kifungu cha mchango kinasema mchango ulipwe "kufikia tarehe 10", na atakayepita hapo atozwe faini ya Sh100.

Kufikia. Je, tarehe 10 imo ndani au nje?

Mimi nilikuwa nimeamua bila kumuuliza mtu. Sikukaa nikafikiri hata. Nilibonyeza alama ya kwanza iliyonijia. Lakini kompyuta haijui maana ya "kufikia". Inajua chini ya, zaidi ya, na sawa na. Mtu akiandika msimbo anatafsiri maneno ya watu yawe alama hizo, na hapo ndipo haki ya mtu inaweza kupotelea.

Nikamuuliza mamangu. Naye hakutaka kuamua peke yake, hasa baada ya kikao kile. Akampigia mwenyekiti. Mwenyekiti akajibu kama mtu anayeulizwa kama jua huchomoza: "Tarehe 10 mpaka saa sita usiku ni yetu. Sisi ni watu wa soko, pesa tunaiona jioni."

Basi, testi ilikuwa sahihi na programu ilikuwa na makosa. Nilibadilisha alama ya "chini ya" ikawa "chini ya au sawa na", nikaendesha tena. Kimya. Mistari mitatu, kimya kitamu ajabu.

## Aliyechelewa mwezi mzima

Nilitaka kufunga mashine. Binamu akanizuia. "Na yule wa mitumba?"

Katika mwezi wa Februari, pale kwenye siku ya kulipa nilikuwa nimeandika 4, kwa sababu ujumbe wake wa M-Pesa ulisema 4/3/25 na mimi nilichukua namba ya kwanza tu. Programu ikaona 4, ikasema 4 ni chini ya 10, mama hana deni. Haikujua kuna kitu kinaitwa Machi.

Hili lilikuwa kosa la aina nyingine. La kwanza lilikuwa la alama. Hili lilikuwa kwamba niliuliza swali pungufu tangu mwanzo. Siku bila mwezi si tarehe. Hakuna alama ambayo ingeniokoa. Ilibidi funksheni yenyewe ibadilike ipokee tarehe kamili mbili, ya kulipa na ya mwisho.

Binamu alinifanya niandike testi kwanza, hata kabla funksheni mpya haijakuwepo. Kisha tukaandika hii:

    from datetime import date

    def faini(alilipa, mwisho):
        if alilipa <= mwisho:
            return 0
        return 100

Na testi zake tukaziweka kwenye faili tofauti iitwayo test_chama.py:

    from datetime import date
    from chama import faini

    mwisho = date(2025, 2, 10)

    def test_siku_ya_mwisho_hana_faini():
        assert faini(date(2025, 2, 10), mwisho) == 0

    def test_siku_moja_baadaye_ana_faini():
        assert faini(date(2025, 2, 11), mwisho) == 100

    def test_mwezi_uliofuata_ana_faini():
        assert faini(date(2025, 3, 4), mwisho) == 100

Python huandika tarehe ikianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Majina marefu ya testi yana kazi yake. Testi ikikataa, jina ndilo unaloliona kwanza, na jina zuri linakuambia shida bila kufungua faili. Ukiita testi yako "test_1", kesho hutakumbuka ilihusu nini.

Hapo ndipo alinionyesha zana iitwayo pytest. Unaiweka mara moja kwa kuandika pip install pytest, kisha kila unapotaka kukagua unaandika neno pytest pekee. Inatafuta yenyewe mafaili yanayoanza na test_, inaingia ndani, inatafuta funksheni zinazoanza na test_, inaziendesha zote. Iliyopita inapata nukta. Iliyokataa inapata herufi F. Nukta tatu zilijitokeza kwenye skrini yangu na chini yake maandishi ya kijani.

Tazama tulichokagua. Hatukujaribu tarehe zote za mwaka. Tulienda pale ukingoni: siku ya mwisho yenyewe, siku moja baada yake, na pale mwezi unapogeuka. Makosa hupenda kukaa ukingoni. Mimi nilikuwa nimejaribu tarehe 5 na 15, mahali ambapo hata programu mbovu ingejibu vizuri.

## Kosa ambalo halikumfikia mtu

Baada ya hapo nilishikwa na homa ya testi. Nilianza kupitia kila funksheni niliyowahi kuandika. Moja ilikuwa ya kugawa faida ya mwisho wa mwaka, ambayo haikuwa imetumika bado. Inagawa jumla kwa idadi ya wanachama kisha inazungusha jibu lipate shilingi kamili:

    def gawa(jumla, watu):
        return round(jumla / watu)

Nikajiuliza: ni kitu gani lazima kiwe kweli hapa, hata faida iwe ngapi? Jibu ni rahisi. Chama hakiwezi kugawa pesa ambazo hakina. Nikaandika:

    def test_hatugawi_pesa_tusizonazo():
        assert gawa(47500, 14) * 14 <= 47500

F. Herufi F kubwa, nyekundu.

Piga hesabu. Sh47,500 ukigawa kwa 14 unapata 3,392 na senti 85 na ushee. Programu ilizungusha ikawa 3,393. Zidisha kwa 14 upate 47,502. Shilingi mbili zaidi ya zilizomo. Utasema shilingi mbili ni nini? Mwulize mweka hazina ambaye vitabu vyake havilingani mbele ya akina mama 13, na tayari wameanza kumtazama kwa jicho lingine.

Dawa ilikuwa kugawa bila kuzungusha juu. Python ina alama ya mikwaju miwili kwa kazi hiyo: 47500 // 14 inatoa 3,392 kamili. Kila mmoja anapata hiyo, jumla ni 47,488, na zinabaki Sh12 ambazo chama kimeamua ziwe za sukari. Testi ikapita.

Hili lilinigusa kuliko yale mengine. Makosa mawili ya kwanza yaligunduliwa na mtu aliyeumia. Hili la tatu liligunduliwa na mistari miwili ya msimbo, nikiwa na vesti yangu chumbani, miezi minane kabla ya Desemba. Hakuna aliyelia, wala aliyetazamwa vibaya.

## Hata roketi zimeanguka

Usidhani haya ni ya wanafunzi wa Machakos peke yao. Tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ulaya iitwayo Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guyana ya Ufaransa. Haikumaliza dakika moja. Ilipinda njia ikalipuka. Uchunguzi ulionyesha kwamba sehemu ya programu ilichukuliwa kutoka Ariane 4, roketi ya zamani iliyokuwa na mwendo tofauti. Namba moja ilikua kubwa kuliko nafasi iliyotengewa, nafasi isiyoweza kubeba zaidi ya 32,767. Programu ilikuwa sawa kwa roketi ya kwanza. Hakuna aliyeikagua kwa namba za roketi mpya.

Huo nao ni ukingo. Tofauti yake na tarehe 10 yangu ni bei tu.

Nasi huku kwetu tunazidi kuishi kwa programu. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, pesa yetu nyingi imekuwa namba kwenye mashine ya mtu. Karo, bima ya afya, nauli, mkopo wa simu, vyote vinaamuliwa na mistari kama ile yangu minne. Mradi wa jiji la teknolojia la Konza, uliozinduliwa Januari 2013, uko jirani yetu kabisa. Watakaoandika programu za kaunti, za hospitali na za sacco ni vijana wa rika letu. Wengine wanasoma makala haya kwenye simu ndani ya matatu.

Ila nisikudanganye kwamba testi huponya kila kitu. Mwanasayansi Mholanzi Edsger Dijkstra alionya zamani kwamba majaribio yanaweza kuonyesha makosa yapo, lakini hayawezi kuthibitisha kwamba hayapo. Testi hukagua tu kile ulichofikiria kuuliza. Nisingemsikia yule mama akisoma ujumbe wake, pengine nisingefikiria kuuliza kuhusu tarehe 10 kamwe. Kwa hivyo testi inaanza kwa kusikiliza watu watakaotumia programu yako.

## Unaanzaje leo?

Kama una kompyuta, weka Python, ni bure. Kama una simu ya Android pekee, kuna apu iitwayo Pydroid 3 inayoendesha Python bila intaneti ukishaipakua, kwa hivyo bando si kisingizio. Kisha:

Moja, chagua funksheni moja ndogo unayoielewa. Ya kuhesabu nauli, bei baada ya punguzo, alama za mtihani, chochote. Kama programu yako yote ni kipande kimoja kirefu, katakata kwanza. Kitu kisichogawika hakikaguliki.

Mbili, andika kwa kalamu majibu unayoyatarajia kabla ya kugusa kibodi. Yatoe kwenye kanuni, si kwenye programu.

Tatu, andika assert moja ya kawaida na mbili za ukingoni. Jiulize: ikiwa ni sufuri? Ikiwa ni siku ya mwisho? Ikiwa mwezi umegeuka?

Nne, haribu msimbo wako makusudi uone testi ikikataa. Kisha urekebishe.

Tano, kila mtu akikuletea lalamiko, geuza lalamiko hilo liwe testi kabla ya kulitatua. Kosa hilo halitarudi kimyakimya.

## Kikao cha Mei

Mwezi uliofuata niliomba dakika tano kwenye kikao. Sikuwahi kuzungumza mbele ya akina mama hao isipokuwa kuwasalimia na kuwapakulia chai. Niliwaeleza kwamba karatasi ile ilikuwa na makosa, na kwamba makosa yalikuwa yangu, si ya mweka hazina. Niliwaonyesha karatasi mpya.

Mama wa ndizi alirudishiwa Sh300 zake mbele ya wote, na jina lake likasafishwa kwenye kaunta buku. Mama wa mitumba aliambiwa ana faini ya Sh100 ya Februari. Alitazama karatasi, akanitazama mimi, akamtazama mamangu, rafiki yake wa miaka. Kisha akafungua kibeti akatoa noti ya mia akaiweka mezani. "Mashine imesema," alisema. Watu wakacheka, na hewa ikarudi chumbani.

Lakini mkopo ule wa karo ulikuwa umechelewa. Mama wa ndizi alikuwa tayari amekopa kwingine, kwa riba ambayo hakutaka kuitaja. Hilo sikuweza kulirekebisha kwa alama wala kwa testi. Nilipomwomba msamaha mlangoni, nikimwita mwaitu kama tunavyowaita mama zetu huku Ukambani, alinishika mkono akaniuliza jambo moja tu.

"Sasa hiyo mashine inajua mimi hulipa jioni?"

Nilimwambia inajua. Usiku huo kabla sijalala nilifungua kompyuta nikaongeza testi moja zaidi, ya tarehe 10 Mei, tarehe aliyolipa mwezi huo. Nikaandika pytest. Nukta zilijipanga, moja baada ya nyingine, hadi ya mwisho.

Mamangu bado anaandika kaunta buku lake kando. Anasema anaiamini programu, ila anapenda kuona zote mbili zinakubaliana. Sijamwambia kwamba hiyo nayo ni testi.